Kumtafutia mzazi nyumba ya wazee yenye kitengo cha dimenshia Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, zenye mzazi mwenye dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu, ambaye kusahau kwake kumefika mahali hawezi tena kuachwa peke yake watu wakienda kazini. Sheria za nyumba hizi hutungwa na kila jimbo, kwa hiyo pale tunapotoa mfano tumetaja na jimbo lake. Saa zote ni za Kiswahili.

Nyumba ya wazee yenye msaada na nyumba ya uuguzi si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Nyumba ya uuguzi iko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1987, hukaguliwa kwa viwango vya Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) na Medicaid (msaada wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo), na hutakiwa kuwa na nesi mwenye leseni usiku na mchana. Nyumba ya wazee yenye msaada (assisted living) ni makazi: mzee ana chumba, analipa kodi, anasaidiwa kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni na kumeza dawa. Kitengo cha dimenshia, ambacho mabango hukiita Memory Care, mara nyingi ni sehemu ya makazi hayo iliyowekewa mlango wa namba za siri. Usiku panaweza pasiwe na nesi hata mmoja, na katika majimbo mengi hilo si kosa.

Jina la leseni hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. California inaitwa Residential Care Facility for the Elderly. Washington kuna pia Adult Family Home, nyumba ya kawaida mtaani yenye wakazi wasiozidi 6, na chache zilizoruhusiwa kufika 8. Minnesota, tangu tarehe 1 Agosti 2021, nyumba inayotangaza huduma ya dimenshia lazima iwe na leseni ya daraja hilo. Kwa hiyo swali la kwanza unapopiga simu liwe hili: leseni yenu ni ya aina gani na namba yake ni ipi? Anayejibu kwa kukutajia bustani na saluni hajakujibu.

Kwa nini siioni nyumba hii kwenye nyota za Medicare?

Kwa sababu nyota 1 hadi 5 za Care Compare, tovuti ya Medicare, kwa upande wa makazi ya wazee hupewa nyumba za uuguzi tu. Makazi yenye msaada hayamo. Nyota unazoziona kwenye mitandao mingine ni maoni ya wateja, na tovuti nyingi zinazokutafutia nyumba "bila malipo" hulipwa na nyumba yenyewe mzee akihamia. Si wabaya, lakini hawatakuonyesha nyumba ambayo haiwalipi, hata kama ndiyo iliyo bora karibu na kwako.

Basi rekodi ya kweli naipata wapi?

Kwa mamlaka ya jimbo inayotoa leseni. California ni Community Care Licensing, Washington ni DSHS (idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya), Minnesota ni Idara ya Afya, Texas ni Health and Human Services. Tafuta kwa namba ya leseni, maana jina la biashara hubadilishwa nyumba ikiuzwa. Soma ripoti za miaka mitatu. California makosa huandikwa kwa madaraja: Type A ni hatari ya papo hapo kwa mkazi, Type B ni jambo linaloweza kuwa hatari lisiporekebishwa.

Usiikimbie nyumba kwa kuona kosa moja. Taa iliyoungua na karatasi iliyokosa sahihi hutokea kila mahali. Unachotafuta ni kosa linalojirudia: dawa zilizokosewa mwaka jana, zikakosewa tena mwaka huu, mkazi aliyetoka nje bila kuonekana, kisha mwingine baada ya miezi minane. Hapo tatizo ni uongozi. Tazama pia kama jimbo limewahi kuizuia nyumba kupokea wakazi wapya. Halafu mwulize meneja kuhusu kosa moja kwa tarehe yake. Aliye makini atakueleza walibadilisha nini, na asiye makini atamlaumu mfanyakazi aliyekwisha kuondoka.

Niende kutembelea lini?

Mara tatu, na mara moja tu kwa miadi. Ziara ya miadi, saa 4 asubuhi katikati ya wiki, ni ya kuonyeshwa: maua mezani, mkurugenzi yupo, biskuti zinanukia. Ya pili iwe saa 11 jioni. Watu wengi wenye dimenshia huanza kuhangaika jua likielekea kuzama. Anataka kwenda nyumbani, anamtafuta mama yake aliyekufa miaka 40 iliyopita, anatingisha mlango. Ndiyo saa ambayo wahudumu wamechoka na ofisi imefungwa. Ya tatu iwe Jumapili mchana, wakati wa chakula.

Nyumba ikikuambia wageni hawaruhusiwi jioni wala wikendi, uliza sababu. Kama ni mlipuko wa mafua, sawa. Kama ndiyo desturi yao, ondoka.

Nikishaingia nitazame nini?

Achana na sebule, nenda walipo wazee. Simama dakika 20 sehemu moja bila kuuliza chochote.

Tazama kucha. Kucha ndefu zenye uchafu kwa wazee watatu au wanne hukuambia ratiba ya kuoga haifuatwi, hata kama nywele zimechanwa. Tazama miwani kama imefutwa, kama kifaa cha kusikia kiko sikioni, kama meno ya bandia yamo mdomoni wakati wa kula. Mzee asiyeona wala kusikia huonekana amezidiwa na dimenshia kumbe amesahauliwa asubuhi. Tazama viatu: soksi tupu kwenye sakafu ya vigae ni kuanguka kunakosubiri siku yake.

Harufu ina maana mbili. Harufu ya mkojo mahali pamoja ina maana mtu amejikojolea sasa hivi. Harufu iliyotanda korido nzima, au marashi makali ya kuifunika, ina maana nepi hazibadilishwi kwa wakati.

Kisha sikiliza jinsi wahudumu wanavyoongea na wazee. Muhudumu mzuri huinama, usawa wa macho ukalingana, hutaja jina, husubiri jibu. Mbaya huongea na mwenzake juu ya kichwa cha mzee huku akimvuta mkono. Mwulize mmoja wao, kwa upole, kuhusu mzee aliye karibu: alikuwa anafanya kazi gani zamani? Akijua kwamba yule alikuwa mwalimu wa hesabu na hupenda kukunja vitambaa, umepata habari ambayo haimo kwenye kijitabu chochote.

Wahudumu wangapi wanatosha?

Hakuna idadi iliyowekwa na shirikisho kwa makazi haya, na majimbo mengi husema tu "wa kutosha". Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kitengo kina wakazi 24 na wahudumu 3 asubuhi, yaani wazee 8 kila mmoja. Kumwamsha mzee mwenye dimenshia, kumpeleka chooni, kumnawisha na kumvalisha bila kumkimbiza ni dakika 20. Dakika 20 mara 8 ni saa 2 na dakika 40. Kama kifungua kinywa ni saa 2, wa kwanza ameamshwa kabla ya saa 11 na nusu alfajiri, au wa mwisho amekaa na nepi ya usiku hadi uji umepoa. Na akiwepo mzee anayehitaji watu wawili kumnyanyua, waliobaki wanaangaliwa na mtu mmoja.

Kwa kitengo cha dimenshia tunaona mhudumu 1 kwa wakazi 6 mchana ni vizuri, 1 kwa 8 kunavumilika, na zaidi ya hapo mtu anaanza kusahauliwa. Usiku uliza mambo mawili: wako wangapi, na je, wanatakiwa kuwa macho? Uliza pia kama mgawa dawa, mpishi na mwendesha michezo wamehesabiwa ndani ya idadi hiyo. Mara nyingi wamo.

Mafunzo nayo yana viwango. California humtaka mhudumu apate saa 40 mwanzoni, 20 kati ya hizo kabla ya kuachwa afanye kazi peke yake, kisha 20 kila mwaka, zikiwemo 8 za dimenshia. Uliza nani anafundisha. Kukaa mbele ya video peke yako na kujifunza kwa kushikwa mkono kando ya kitanda ni vitu viwili tofauti.

Lakini swali linalozidi yote ni hili: mkurugenzi na nesi mkuu wamekaa hapa miaka mingapi? Kiongozi akibadilika kila miezi sita, wahudumu wazuri humfuata mlangoni.

Mlango wa namba za siri unatosha kumzuia asipotee?

Hautoshi. Mzee hutoka nyuma ya mgeni aliyemshikilia mlango kwa heshima, au kupitia lango la bustani aliloliacha wazi mtunza majani. Milango mingi ni ya kuchelewesha: ukisukuma, kengele inalia na mlango unafunguka baada ya sekunde 15, na moto ukitangazwa unafunguka mara moja. Kwa hiyo kinga ni mtu anayekimbilia kengele. Omba walize kengele ukiwepo, uhesabu sekunde. Uliza wanahesabu wakazi mara ngapi kwa siku na walifanya lini zoezi la mwisho la kumtafuta mtu aliyepotea.

Bustani iliyozungushiwa uzio, yenye njia inayorudi pale ilipoanzia na mlango usiofungwa mchana kutwa, hupunguza hamu ya kutoroka kuliko kufuli. Kama bustani ni nzuri lakini mlango wake umefungwa kila ukienda, hiyo ni picha tu.

Makosa ya dawa hutokea wapi?

Mahali pa kawaida ni siku ya kwanza. Mzee anahamia Ijumaa jioni, orodha ya daktari na chupa alizokuja nazo hazilingani, duka la dawa limefungwa hadi Jumatatu. Mhamishe Jumanne asubuhi, na orodha iliyotiwa sahihi ifike siku tatu kabla.

Wagawa dawa wengi si manesi. Simama mbali uone: je, anasoma jina na kulilinganisha na picha kabla ya kumpa mzee? Anasubiri ameze? Anaponda kila kidonge kwenye uji wa tofaa? Dawa za kutolewa polepole mwilini hazipondwi; dozi ya siku nzima humwagika tumboni kwa mara moja. Mwenye ugonjwa wa Parkinson anatakiwa apewe dawa yake ya levodopa kwa saa yake hasa, maana ikichelewa mwili hukakamaa, hawezi kumeza wala kusimama. Mwenye kisukari, uliza nani anachoma insulini Jumamosi usiku.

Halafu kuna dawa za kutuliza: risperidone, quetiapine, haloperidol. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo lake kali kabisa mwaka 2005 kwa zile mpya na mwaka 2008 kwa zile za zamani, kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia. Kuna hali chache zinazozihitaji. Lakini mzee "anayesumbua" kwanza achunguzwe maumivu, choo kigumu, kiu, na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwenye dimenshia ya Lewy, aina mojawapo ya dimenshia, huweza kudhurika vibaya na haloperidol. Ugonjwa huo uandikwe kwa herufi kubwa kwenye faili lake. Andika barua kwamba hakuna dawa ya aina hii itakayoanzishwa kabla hujapigiwa simu.

Chakula kinaonyesha nini?

Karibu kila kitu. Kaa mezani ule nao. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe hauonekani kwa mzee ambaye ubongo wake haupambanui tena rangi zinazofanana. Atakaa, atatazama, sahani itaondolewa, na mtu ataandika "amekataa kula". Nyumba inayojua kazi yake hutumia sahani za rangi nzito, nyekundu au buluu, huleta chakula kimoja kimoja, na humwekea kijiko mkononi asiyekumbuka kuanza.

Uliza kama wanapima uzito kila mwezi na upewe namba. Kupungua asilimia 5 kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, ni jambo la kumwita daktari. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 3 kwa mwezi. Na glasi ya maji iwe pale mkono wake unapofika.

Mama amerudi kwenye Kiswahili tu. Itakuwaje?

Hutokea sana: lugha iliyojifunzwa ukubwani hupotea kwanza, na mtu hubaki na ile ya utotoni, iwe Kiswahili, Kikuyu, Kichagga au Kibembe. Bahati nzuri nyumba nyingi zina wahudumu kutoka Afrika Mashariki. Usiridhike na "tuna Wakenya wengi". Uliza wako zamu gani. Asubuhi kuna wawili na usiku hakuna? Usiku ndio ataita.

Andika karatasi moja ya maneno 15 yenye matamshi, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati: maji, choo, kuumwa, baridi, njaa, pole, twende. Eleza salamu. Mzee aliyezoea kuamkiwa "shikamoo" akiguswa begani na kuitwa jina lake la kwanza na kijana wa miaka 20 atamsukuma, na kwenye faili itaandikwa "mkali". Eleza pia kama hushikwa na mwanamke tu wakati wa kuoga, kama anafunga Ramadhani, asichokula, na kwamba huswali saa ngapi.

Bei waliyonitajia ndiyo nitakayolipa?

Mara chache. Uchunguzi wa gharama wa Genworth na CareScout wa mwaka 2024 uliweka bei ya kati ya makazi yenye msaada kuwa dola 5,900 kwa mwezi, na kitengo cha dimenshia kwa kawaida ni juu zaidi. Bei ya tangazo ni kodi. Chukua mfano: kodi dola 4,800, daraja la huduma dola 1,400, dawa dola 450, nepi dola 200, tayari ni dola 6,850, na ada ya kuingia haimo. Daraja la huduma hutokana na tathmini ya nesi wao, na hupanda. Omba fomu ya pointi za tathmini hiyo yenyewe, si muhtasari, na rekodi ya kupanda kwa kodi kwa miaka mitatu.

Medicare italipa? Na Medicaid?

Medicare hailipi kodi wala huduma ya kila siku ya makazi haya. Hulipa daktari, hospitali, hospisi (huduma ya mgonjwa anayekaribia mwisho wa maisha), na hadi siku 100 za nyumba ya uuguzi baada ya kulazwa hospitali siku 3. Angalia mtego: mzee anaweza kulala hospitali siku tatu akiandikwa "yuko chini ya uangalizi", na siku hizo zisihesabiwe. Uliza kila siku ameandikwaje.

Medicaid katika majimbo mengi husaidia gharama ya huduma lakini si chumba na chakula, na foleni huwa ndefu. Kwa familia zetu kuna mambo matatu ya kujua mapema. Tangu sheria ya mwaka 1996, wengi wenye green card husubiri miaka 5. Mtoto aliyetia sahihi fomu I-864, ahadi ya kumtegemeza mzazi anayemleta, kipato chake huweza kuhesabiwa mzazi akiomba Medicaid. Na Medicaid kwa kawaida hutazama miezi 60 nyuma: fedha mzee alizotuma nyumbani kumjengea ndugu, au shamba alilomwandikia mjukuu, huweza kuhesabiwa kuwa zawadi na kuchelewesha msaada. Muone mwanasheria wa mambo ya wazee kabla fedha hazijaisha. Na uliza nyumba: mnapokea Medicaid baada ya miaka mingapi ya kulipa taslimu, na imeandikwa ukurasa gani?

Kwenye mkataba nisome wapi kwa makini?

Sahihi yako kwanza. Ukitia sahihi kama "responsible party", yaani mwenye kuwajibika, bila kuandika kwamba unasaini kwa niaba ya mzazi kwa fedha zake, unaweza kudaiwa wewe. Sheria ya shirikisho inayokataza kulazimisha mdhamini ni ya nyumba za uuguzi, si hizi. Pili, sababu za kumtoa: maneno "mahitaji yake yakizidi uwezo wetu" ni mapana mno, taka yataje mfano. Tatu, kifungu cha usuluhishi kinachokunyima mahakama. Unaweza kukikata kwa mstari na kuweka herufi za kwanza za jina lako. Nyumba nyingi hukubali.

Hati ya kumwakilisha mzazi kwa fedha na matibabu isainiwe wakati bado anaelewa anachosaini. Ikipita hapo, njia iliyobaki ni mahakama, kwa gharama kubwa.

Ndugu nyumbani wanasema tumemtupa. Tufanye nini?

Waonyeshe. Wapigie simu ya video ukiwa naye mezani. Mwenye dimenshia anayehitaji kuangaliwa saa 24 anahitaji watu wa zamu tatu, na nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi haina hizo zamu. Mzazi aliyeachwa peke yake na jiko la gesi yuko hatarini zaidi kuliko aliye na wahudumu wanaojua jina lake.

Ameshahamia. Nitajuaje mambo yanaharibika?

Ipe wiki sita. Kuhangaika mwanzoni ni kawaida. Kinachotakiwa kukushtua ni hiki: kuanguka mara mbili ndani ya mwezi bila mpango wa huduma kubadilishwa, michubuko kwenye mikono ya juu, wekundu usiofifia visiginoni au kiunoni (vidonda vya kulalia huanzia hapo, na asiyeweza kujigeuza hugeuzwa karibu kila saa mbili), usingizi wa mchana kutwa ulioanza ghafla, nguo za mtu mwingine kila ukija. Kuchanganyikiwa kupya kulikoanza jana si "dimenshia imeendelea". Ni dharura mpaka daktari aseme vingine.

Badilisha saa za kwenda. Minnesota na Texas, miongoni mwa majimbo mengine, sheria huruhusu kamera chumbani kwa masharti ya fomu na idhini, hasa kama anaishi na mwenzake.

Nikiona tatizo nimwambie nani?

Anza na nesi mkuu, kwa maandishi: tarehe, saa, ulichoona, unachotaka kifanyike na lini. Mdomo husahaulika zamu ikibadilika. Omba kikao cha mpango wa huduma ndani ya siku saba. Kisicho cha kusubiri, kama jeraha lisiloelezeka, njaa au kupigwa, peleka siku hiyo hiyo kwa mamlaka ya leseni na kitengo cha jimbo cha kulinda watu wazima, na 911 kama yuko hatarini sasa.

Kila jimbo pia lina Ombudsman wa huduma za muda mrefu, yaani mtetezi wa wakazi, chini ya sheria ya shirikisho ya wazee. Hatozi kitu. Utampata kwa kupiga Eldercare Locator, 1-800-677-1116, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Unaogopa mama atalipiziwa? Mwambie hivyo mwanzoni kabisa: hawezi kutaja jina lako wala la mama kwa nyumba bila idhini, na anaweza kwenda kukagua kitengo kizima ili isijulikane nani amelalamika.